Mtu wa Kofia ya Manjano

Namanga, 9 Septemba 2024

Salad, mwenye duka na kitambi,

Supa. Hiyo ndiyo salamu. Jumamosi nimepanda mlima Oldoinyo Orok mpaka juu kabisa, kwa miguu hii unayoicheka, na hao marafiki wa binti yako nimewaacha nyuma wakihema kama mbuzi wa homa ya mapafu. Huko juu nimesimama nikaona Tanzania yote mpaka mwisho wake.

Sawa, sikufika juu. Nilifika kwa tangi la maji, pale msitu unaanzia. Na sikumpita mtu, wao ndio walinipita, mmoja akasimama kuniuliza kama niko sawa. Lakini wewe uliomba macho, hukuomba miguu. Macho niko nayo mawili, moja nzuri.

Tuendelee hivi hivi kwa barua. Mimi sikio la kushoto limekufa, ukinipigia simu lazima niiweke ipige kelele, na Naisenya, mke wa mtoto wangu, anasikia mpaka kukohoa kwako. Wewe nawe meseji zako unasomewa na Halimo mwenyewe, ambaye ndiye tunamchunguza. Sasa hiyo ni upelelezi gani? Munguti wa lori ya nyanya anapita hapa kila wiki akienda Kitengela. Atabeba.

Ripoti ni hii. Halimo alifika na ile Probox yako nyeupe, akaiegesha chini ya mtarakwa mkubwa. Walikuwa kikundi, wanaume kwa wanawake. Walisimamisha vihema vya rangi, vidogo, kama vitunguu vilivyokatwa katikati. Wanawake upande huu, wanaume upande ule. Halimo alilala na msichana mrefu anaitwa Nasike, anayecheka mpaka ndege wanahama. Hakuna mwanamume alikaribia hema hilo, isipokuwa punda wangu, ambaye alitaka mkate. Binti yako aliswali kwa wakati wake, hapo usitie shaka.

Hiyo Jumamosi yenyewe asubuhi waliingia msitu, kila mmoja na fimbo mbili kama mtu aliyevunjika miguu yote. Wakarudi jioni. Salad, nisikilize. Hawakuwa wamepoteza ng'ombe. Hawakuleta kuni, hawakuleta asali, hawakuleta hata dawa ya tumbo. Walipanda mlima, wakashuka, wakafurahi. Hapo ndipo mimi nilianza kushuku.

Na kitu kimoja zaidi. Nyuma kidogo ya tangi, pale njia inagawanyika, kuna mawe machache yamepangwa moja juu ya lingine. Zamani hayakuwa hapo.

Wako,
Sironka


Kitengela, 13 Septemba 2024

Mzee Sironka,

Amani iwe kwako. Nimesoma, na nimeshukuru kwa macho, hata hilo bovu.

Nataka uelewe kinachonisumbua. Huyu mtoto ni nesi. Ana kitanda, ana neti, ana choo ndani ya nyumba. Jumamosi kabla ya jua anapakia sufuria na blanketi kwa gari na kwenda kulala chini pamoja na nyoka. Nilimuuliza mara moja tu. Akasema, "Ni kupumzika, Aabo." Mimi nimelala nje miaka mingi nikileta ng'ombe kutoka Wajir, na hakuna siku hata moja nilipumzika.

Anarudi Jumapili nguo zimechafuka, na anaimba akiosha gari. Mtu hafurahi hivyo bure. Ama kuna mwanamume, ama kuna kitu kibaya zaidi. Umesikia habari za watu wanaoitwa msituni na hawarudi kwao. Wenzangu msikitini wameanza kuniuliza salamu za mlima, na wanauliza wakiangaliana.

Nikijua kuna ubaya, nitachukua ufunguo wa gari na mlima utakuwa umekwisha. Nikichukua bila kujua, nitakuwa nimemwonea mtoto ambaye alimuuguza mama yake mpaka mwisho peke yake. Ndiyo sababu nimekutuma wewe. Nifanyie hii kazi mpaka iishe, na utaniomba kitu chochote, isipokuwa ng'ombe, nami nitakupa. Nimeandika, na naweka sahihi.

Ndugu yako,
Salad


Namanga, 23 Septemba 2024

Salad,

Keti chini kwanza. Mwambie mteja angojee.

Jumamosi walikuja tena. Mimi nilijificha mapema nyuma ya kichaka karibu na tangi, nikafunikwa na majani mpaka nyani mwenyewe asingenijua. Sikulala hata kidogo. Nililinda kama siku zile za simba.

Asubuhi mmoja wao alipita karibu nami akipiga mluzi. Kijana mnene kidogo, kofia ya manjano kama ugali wa mahindi ya njano, yale ya msaada. Aliingia msitu na wengine. Sasa wewe unajua sisi hatuhesabu watu, ni vibaya. Hata mbuzi hatuhesabu. Mtu anaangalia tu boma likiingia jioni na anajua ni nani hayuko. Waliposhuka mimi niliangalia hivyo, wakipita mbele yangu mpaka kwa magari. Na nilijua.

Yule wa kofia ya manjano hakuwa.

Hawakuwa wanalia. Hawakuwa wanamtafuta. Walipika chai. Halimo alikuwa anawagawia biskuti.

Jumapili walipoondoka nilienda kwa yale mawe. Hayakuwa machache tena, yamefika kwa goti. Na juu yake kulikuwa na nyasi mbichi. Unajua desturi yetu, tukipita mahali amelazwa mtu tunaweka jiwe, au nyasi ya kijani, tunaendelea na safari. Kwa hivyo siko peke yangu, kuna wengine wameona kile nimeona. Hakuna mtu mwenye akili anawekea mawe matupu nyasi. Nami nikaweka jiwe langu, nikamwambia huyo kijana pole. Jina lake silijui, lakini kofia tulijuana.

Najua utaniuliza, mawe yalianza kabla mtu hajapotea, itakuwaje? Nimefikiria hiyo. Walitayarisha.

Usiniulize nakaa wapi nikilinda. Siku hizi niko na mahali pazuri pa kukaa, na hiyo si maneno ya maana.

Sironka


Kitengela, 26 Septemba 2024

Mzee Sironka,

Sijalala tangu Munguti alete barua yako. Huko kwetu pia, mawe yakirundikwa hivyo, kuna mtu chini.

Nimechukua ufunguo. Nimeuzika ndani ya gunia la mchele dukani, na Halimo nimemwambia gearbox ni mgonjwa. Aliniangalia muda mrefu, kisha akasema sawa, Aabo, akaenda kuosha vyombo. Hakuniuliza swali moja. Angegombana nami ningepumua. Mtu asiyeuliza ana kitu anakijua.

Nataka kumuuliza. Kila jioni nafungua mdomo na inatoka habari ya bei ya sukari. Naogopa atajibu.

Usimwambie mtu yeyote. Nakuomba kama ndugu.

Salad


Namanga, 30 Septemba 2024

Salad,

Barua yako imefika imechelewa. Nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu, mzee mwenzangu Mukonyo, tena kwa siri, na nikamwonya. Mukonyo naye amemwambia mke wake kwa siri, na mke wake anauza maziwa pale stendi.

Wazee wamekaa. Wamekubaliana na chifu kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Oktoba mawe yatatolewa na kuchimbwa, mbele ya watu wote. Mpaka siku hiyo njia ya tangi imefungwa na gogo, hakuna hema itapita. Wakimpata mtu, polisi wataitwa.

Jina la Halimo limetajwa, na si mimi nililitaja. Ni wewe. Uliandika jina la duka lako kwa mlango wa Probox, kwa rangi nyekundu, na namba ya simu.

Sironka


Kitengela, 3 Oktoba 2024

Papa Sironka,

Supa. Mimi ni Halimo, mtoto wa Salad. Munguti alikuja kliniki kupimwa presha, akaniambia presha yake inatokana na kubeba barua za wazee wawili zinazonuka ugoro, na kwamba Namanga nzima inanitafuta. Barua zenu sikuzifungua. Haikuwa lazima, yeye anajua kila kitu kilichomo.

Sasa naomba nikueleze kwa utaratibu, kama ninavyomweleza mgonjwa.

Yale mawe niliyaweka mimi, mawili matatu. Mwezi wa nane tulipotea pale njia inapogawanyika, tukatokea kwenye shamba la maharagwe la mtu akatufukuza na mbwa. Nikapanga mawe ili wanaokuja nyuma wajue ni kushoto. Wapanda milima hufanya hivyo kila mahali. Kila niliporudi nikakuta yameongezeka, nikafikiri ni vikundi vingine vinasaidia. Nilifurahi hata. Kumbe ni nyinyi mnazika.

Mtu wa kofia ya manjano anaitwa Ouko. Anachomelea mageti Kware, kule Rongai, na yuko hai na anakula vizuri. Alitegua mguu kabla ya saa sita. Mimi na Nasike tulimshusha tukimshika mabega, tukapita karibu na kichaka chako. Ulikuwa umelala, Papa. Mdomo wazi. Ouko alikuwa analia na maumivu, Nasike anacheka, na wewe hukusikia. Tukamlaza kwenye gari la mwenzetu, likampeleka nyumbani. Niliporudi juu kuwafuata wengine nikaona shuka lako limeanguka na jiwe linakuchoma mbavu. Nilikufunika. Nikakuachia kiti changu, kile cha kukunja. Kwa kweli ni kiti cha Aabo, cha barazani, na nimeona ameanza kukitafuta.

Tulijua unatuangalia tangu siku ya kwanza. Shuka nyekundu nyuma ya kichaka cha kijani, Papa.

Nakuomba waambie wazee ukweli kabla ya tarehe kumi na mbili. Ufunguo sitamwomba Aabo. Mimi aliniuliza mara moja tu, halafu akakutuma wewe. Angeniuliza tena ningemwambia hivi: wiki nzima kliniki naitwa jina langu mpaka nikilisikia nashtuka. Sista Halimo, Sista Halimo, kutoka asubuhi. Mlimani naitwa mara moja tu, chai ikiwa tayari. Siri yote ni hiyo. Ni ndogo sana, na najua Aabo akiisikia ataamini kuna nyingine kubwa chini yake.

Mtoto wako,
Halimo


Namanga, 6 Oktoba 2024

Entito ai, binti yangu Halimo,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwa hicho kiti. Ni kiti kizuri. Lile tundu la kuweka kikombe, aliyelifikiria ni mtu mkubwa.

Sasa kuhusu kuambia wazee. Mtoto wangu, haiwezekani. Mzee anaweza kukosea juu ya mtu aliyekufa, watu watasema ni umri. Lakini mzee aliyelala akiwa kwa lindo, huyo Mukonyo atamtengenezea wimbo, na utaimbwa kwa harusi za wajukuu wangu. Usiniombe hiyo.

Fanya hivi. Mawe usiyaguse, ukiyagusa watasema umeficha. Mlete Ouko mwenyewe siku hiyo, na kofia yake, asiisahau. Akiiacha nyumbani hakuna mtu atamtambua, hata mimi.

Baba yako atakuja, mimi najua. Hawezi kuacha kuja. Kwa gari ongea naye.

Hii barua ichome. Hapana, usichome, ukiichoma atanusa moshi aanze kushuku jikoni. Imeze tu.

Papa Sironka


Kitengela, 14 Oktoba 2024

Mzee Sironka,

Jumamosi ulikuwa pale, lakini muda mwingi ulikuwa umetazama upande mwingine. Kwa hivyo nakueleza ulichokosa kuona.

Nilitoa ufunguo kwa mchele nikamwambia Halimo, twende. Alikaa kando yangu kutoka Kitengela. Tulipopita Kisaju nilimwambia hewa ni kavu. Alisema ndiyo. Nilikuwa namtazama mikono nikijiuliza kama hiyo mikono inaweza, na ni mikono niliyoifundisha kukamua ngamia.

Mawe yalitolewa moja moja. Kila mzee aliomba radhi kabla ya kutoa. Chini kulikuwa na nyasi iliyogeuka njano kwa kukosa jua, na siafu. Wakachimba. Wakapata udongo, na chini ya udongo wakapata mwamba. Ndipo Mukonyo wako akasema, "Wamemhamisha."

Watu wote waligeuka kumtazama mtoto wangu. Halimo hakujitetea. Aliita tu, mara moja, "Ouko."

Akatokea nyuma ya gari, anachechemea, kofia ya manjano kichwani. Mukonyo alimshika mkono, akaubonyeza, akamuuliza ni mtoto wa nani, akamnusa. Kisha akawageukia wazee akasema, "Basi siye huyu. Ni mwingine."

Hapo Halimo alicheka. Chifu akacheka, wazee wakacheka, nami nikacheka mpaka nikatafuta mahali pa kukaa. Na ndipo nikakiona. Kiti changu cha buluu, kilichotoweka barazani tangu Septemba, ambacho nimemnyima jirani salamu kwa ajili yake. Kiko chini ya kichaka chako, na blanketi lako juu yake.

Nimekikunja nikakipeleka nyumbani.

Sasa niambie, nani anamchunguza nani? Nimekutuma umtazame mtoto wangu, nawe umekalia kiti alichokupa, na unanyamaza. Mmekuwa mkiandikiana, Munguti hawezi kuficha kitu, presha yake hairuhusu. Nilikuwa nashuku mmoja, sasa nawashuku wawili. Ufunguo umerudi ndani ya mchele, na hautatoka mpaka nielewe.

Salad


Namanga, 21 Oktoba 2024

Salad, ndugu yangu, mwenye duka,

Nililala.

Basi, hiyo imetoka. Ile siku ya kofia ya manjano nililala kabla ya jua kufika kati, nikaamka jioni nimefunikwa shuka vizuri kama mtoto, na kiti kiko kando yangu kimefunguliwa. Sikujua kimetoka wapi. Kwanza nilifikiri nimekufa, hiyo ni kiti ya huko. Halafu nikaangalia wanaoshuka, kijana hayuko, na nikaona ni afadhali niseme ameuawa kuliko niseme nilikuwa nimelala. Naweza kukuambia wewe kwa sababu kwenu Wajir hawaimbi nyimbo za Mukonyo.

Unashuku watu wawili. Endelea kunishuku mimi, niko na mengi hujayajua. Lakini huyo mtoto mwache. Ulinituma nijue anafanya nini huku mlimani, na ripoti ya mwisho ndiyo hii, mimi mwenyewe sikuipenda, nilitaka kitu chenye damu kidogo. Anakaa. Anaangalia miti. Anapanda, anashuka, anachemsha chai, na siku nzima hakuna mtu anamwita Sista. Chai ikiiva wanamwita jina mara moja, naye anaitika akiwa anacheka. Nimemsikia kwa sikio la kulia, ambalo ni zima. Huyo mtoto alimlinda mama yake akiwa mgonjwa, sasa analinda wagonjwa wa Kitengela wote, na wewe hujawahi kumuuliza analindwa na nani. Mtu mmoja tu alifunikwa shuka kwa hii hadithi yote, na si yeye.

Muulize mwenyewe. Ukishindwa, anza na bei ya sukari halafu usisimame hapo.

Gogo limetolewa, njia ni wazi. Chifu amesema hema zipite, bora wasiache chupa. Na jana nilipita pale kwa njia panda. Mawe yamerudi, Salad, yamezidi ya kwanza. Mukonyo ndiye ameweka la chini kabisa. Nilimuuliza, si tulichimba hapa na wewe ukashika mkono wa mtu mwenyewe? Akaniambia tulichimba upande wa mashariki. Na mama wa maziwa ameweka nyasi. Mimi pia niliweka, sikutaka kuonekana mtu mgumu.

Sasa kuna deni lako. Uliandika, na ukaweka sahihi, kwamba nikimaliza kazi nitaomba chochote isipokuwa ng'ombe. Kazi imeisha, na kiti si ng'ombe, hata Mukonyo atakubali. Nataka kile kiti cha buluu.

Lakini Munguti asikibebe, nyanya zitakichafua, na hakuna mtu kwangu anajua kukikunja. Naisenya alijaribu, kikamuuma kidole. Kiletwe na yule aliyekileta mara ya kwanza, Jumamosi hii, kwa Probox, na kwa kuwa safari ni ndefu aje na hema lake alale. Mimi nitakuwa nyuma ya kichaka kile kile, macho wazi.

Toa huo ufunguo kwa mchele, tafadhali. Mgongo wangu hauwezi tena kukaa juu ya jiwe, na hata ningetaka, karibu na tangi mawe yamekwisha. Yote yako juu ya huyo mtu.

Wako,
Sironka